MATONE MAWILI NA SAUTI YA DAKIKA KUMI NA MOJA: JIBU KWA WANAOWAFICHA WATOTO

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, wiki hii nimetumiwa sauti moja na watu wanne. Mmoja yuko Kibondo, mmoja Makere, wawili wako hapa Kasulu. Ni sauti ile ile iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp Septemba 2023 walipopita watu wa matone, ikalala, sasa imefufuka. Ina dakika kumi na moja. Msemaji hajitaji jina. Anaanza kwa khutba ya Kiarabu nzuri kabisa, makhraji safi, mpaka unasema huyu ni mtu wa elimu. Kisha anasema mambo manne. Kwamba chanjo yenyewe ndiyo inayoleta polio. Kwamba imetengenezwa kwa nguruwe. Kwamba imewekwa dawa ya kufunga uzazi ili Waislamu wapungue. Na kwamba anayempeleka mtoto kuchanjwa ana upungufu wa tawakkul.

Watatu kati ya wale wanne waliniuliza, "Sheikh, haya ni kweli?" Allah awalipe kheri kwa kuuliza. Wa nne hakuuliza. Yeye alinijulisha tu kwamba ameshamkataza mkewe kwenda kliniki, na kadi ameichukua yeye. Mtoto wao ana miezi minane. Mwezi ujao anatimiza tisa, ambao ni mwezi wa chanjo ya surua.

Huyo ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Nimesoma madrasa, nikasoma sekondari, sikusoma udaktari. Lakini nimeuliza wanaojua, nimesoma, na nina umri wa kukumbuka. Someni mpaka mwisho, kisha mnipinge kwa hoja. Suratul Hujurat aya ya 6 mnaijua, inayotuamrisha kupeleleza habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Sauti isiyo na jina la mwenyewe ina haki ya kupelelezwa mara mbili.

NAANZA NA LILE LENYE UKWELI NDANI YAKE

Naanza na la kwanza kwa sababu lina ukweli ndani yake, na uongo mbaya kuliko wote ni ule uliochovywa kwenye ukweli. Mhubiri akilikana moja kwa moja, msikilizaji atakwenda kwenye simu yake, atakuta ni kweli, na hatamwamini tena kwa lolote.

Sikilizeni basi. Chanjo si kitu kimoja. Msemaji wetu anasema "chanjo, chanjo" kama mtu anayesema "dawa" bila kutofautisha ya macho na ya minyoo.

Kuna chanjo hai. Humo mna kidudu chenyewe cha ugonjwa, lakini kimedhoofishwa miaka mingi maabara mpaka hakina nguvu ya kumwangusha mtoto mwenye afya. Matone ya polio ni hai. Sindano ya surua na rubela ni hai. Ile ya kifua kikuu inayoacha kovu begani ni hai, na matone ya kuzuia kuhara kwa kirusi cha rota ni hai.

Kuna chanjo mfu. Kidudu kimeuawa kabisa, kimebaki mzoga, mwili unaonyeshwa maiti ya adui ili uijue sura yake. Sindano ya polio ni hiyo.

Kuna ambayo hata kidudu hakimo. Pepopunda na dondakoo huua kwa sumu inayotolewa na bakteria, basi wataalamu wakaichukua ile sumu wakaikata makali. Mwili unajifunza kuizima sumu. Nyingine ni kipande tu cha kidudu. Chanjo ya homa ya ini B hutengenezwa kwa kutumia hamira, jamii ya ile inayoumulia mandazi yenu ya asubuhi. Ile ya wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi ni ganda tupu la kirusi, ndani hamna kitu. Na wakati wa korona zikaja nyingine, ambazo hupeleka maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja cha kirusi, mwili ukakitengeneza wenyewe na kukitambua, kisha maelekezo yale yanayeyuka.

Njia ni nyingi, kazi ni moja: kuufundisha mwili kabla ya vita. Mwili una hifdhi yake. Walimu wa madrasa mtanielewa upesi. Mtoto akisikilizishwa sura mara moja ataishika kidogo. Akirudia, akafanyiwa muraja'a, inakaa. Ndiyo maana matone na sindano za wiki ya 6 hurudiwa wiki ya 10 na wiki ya 14, na surua hutolewa miezi 9 ikarudiwa miezi 18. Mama anayesema "mbona wanamdunga tena, si walishamdunga?" ni sawa na mzazi anayeuliza mbona mwalimu anarudia Alif Lam Mim.

Sasa turudi kwenye polio. Matone ni chanjo hai, na kirusi kile kilichodhoofishwa hukaa kwenye utumbo wa mtoto kwa wiki kadhaa, kikatoka na choo. Mahali ambapo watoto karibu wote wamechanjwa, kinatoka na kufia hapo, hakina pa kwenda. Lakini mahali ambapo wengi HAWAJACHANJWA, na vyoo ni haba, kinapita kutoka kwa mtoto asiyechanjwa kwenda kwa mwingine asiyechanjwa, miezi, pengine mwaka na zaidi, na katika kupita huko hubadilika kidogo kidogo mpaka kinarudisha makali ya kupooza. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita kirusi cha polio kilichotokana na chanjo.

Kipo. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wake. Alipatikana mtoto wa miaka minne, katika wilaya ya Isale, ambaye hakuwa amechanjwa kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Burundi baada ya zaidi ya miaka thelathini. Upande wa pili wa ziwa, Kivu ya Kusini na jimbo la Tanganyika, watoto nao walikutwa nacho. Baadaye mwaka ule ule kirusi cha aina hiyo kikapatikana kwa mtoto mkoani Rukwa, hapa hapa nchini, ambako polio ya asili haijaonekana tangu 1996. Ndipo Septemba 2023 wakapita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Mnakumbuka, vidole vya watoto vikapakwa wino na milango ikaandikwa chaki.

Na nitasema zaidi ya aliyosema yeye, ili asidhani nimeficha. Kirusi cha polio kina aina tatu. Aina ya pili ya asili mara ya mwisho kuonekana duniani ilikuwa 1999, na 2015 ikatangazwa kuwa imekwisha. Kwa hiyo Aprili 2016 dunia nzima ikaiondoa aina ya pili kwenye matone ya kawaida, kwa hofu hii hii ya kirusi kurudisha makali. Pengo lilitakiwa lizibwe kwa sindano, ile mfu, lakini ilikuwa adimu duniani, kwetu ikaingia kwenye ratiba 2018. Watoto wengi wakakua bila kinga ya aina ya pili. Wakatengeneza matone mapya, yaliyoanza kutumika 2021, ambayo kirusi chake kimefungwa mafundo zaidi kisibadilike upesi. Na vile virusi vya Burundi na vya ng'ambo ya ziwa vilitokana na hayo hayo matone mapya. Mafundo hupunguza, hayaondoi kabisa.

Haya, nimesema yote. Sasa ewe ndugu msemaji, jibu swali moja. Kirusi hicho kinapita kwa nani? Kinapita kwa WASIOCHANJWA. Kinaishi kwa wasiochanjwa, kinapata makali kwa wasiochanjwa, na kinampooza asiyechanjwa. Unawaambia watu, "Kuna moto ulioanzia kwenye nyasi kavu," ni kweli, halafu unawaambia, "Basi zidisheni nyasi kavu." Kila mlango unaoufunga kwa sauti yako ni nyumba nyingine ya kirusi hicho kulala. Ungekuwa unataka kweli kikome, ungesimama mlangoni kwetu na kibao cha chaki mkononi.

Wako wanaosema basi watupe sindano tu, ile mfu, matone waache. Ni swali la mtu mwenye akili, nami niliuliza. Nikajibiwa kwamba sindano humlinda mtoto asipooze, lakini hailindi utumbo wake vizuri, kwa hiyo anaweza kukibeba kirusi na kumpelekea wa jirani. Matone huzuia njia. Ndiyo maana wanatoa vyote viwili.

Shirika la Afya Duniani linasema katika watoto 200 wanaoambukizwa polio, mmoja hupooza, hataki dawa wala maombi ya mganga, ule mguu haurudi. Wengine 199 wanatembea nacho bila kujua. Nimesoma madrasa na mwenzangu aliyekuwa anaingia msikitini kwa magoti na viganja vya mikono, kandambili amezivaa mikononi. Alikuwa na sauti nzuri kuliko sisi sote. Vijana wa leo hamjawaona wengi wa namna hiyo, na mnadhani ni kwa sababu polio ilikuwa hadithi.

SURUA HAINGOJI

Msemaji hakuitaja surua hata mara moja katika dakika zake kumi na moja, nami inanisumbua zaidi ya polio, kwa sababu ya yule mtoto wa miezi minane.

Surua ndiyo mwizi mwepesi kuliko wote. Mgonjwa mmoja, mahali wasipochanjwa watu, huambukiza kiasi cha watu 12 hadi 18. Anaingia chumbani, anakohoa, anaondoka, na hewa ile inabaki na ugonjwa kwa saa mbili hivi. Kwa kasi hiyo, ili ikwame inatakiwa watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Sasa fikirini mji wetu. Siku ya gulio, mama ametoka Nyarugusu, mwingine Nduta, mwingine ameshuka na basi la Kibondo, mwingine amevuka kutoka Burundi kuuza, watoto wote migongoni. Nani atamwuliza nani kadi?

Na wako watoto ambao hawawezi kuchanjwa surua: mchanga wa chini ya miezi tisa, mgonjwa wa saratani, mwenye kinga iliyoporomoka. Hao kinga yao ni wewe na mimi. Mtoto wako akichanjwa, amekuwa ukuta wa mtoto wa jirani. Mtume (s.a.w.) alihimizwa na Jibril juu ya jirani mpaka akadhani jirani atafanywa mrithi. Hadithi hiyo tunaisoma tukigawa mchuzi. Tuisome na kliniki.

Pepopunda iko tofauti, na watu huchanganya. Pepopunda haiambukizwi na jirani, imo kwenye udongo. Hata wilaya nzima ichanjwe, asiyechanjwa akikatwa kitovu kwa wembe mchafu amekwisha. Ndiyo maana mama mjamzito anadungwa yeye, na kinga inapita kwa damu yake kumfikia aliye tumboni. Mtoto anazaliwa na silaha aliyokabidhiwa na mama yake kabla hajapewa hata jina.

Na wale wa umri wangu na hata vijana mnaikumbuka Mei 2015. Warundi walipokimbia, wakajazana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, hakuna maji safi, hakuna vyoo. Kipindupindu kikapiga. MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma, wakawekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi Nyarugusu. Kabla mwezi haujaisha walishahesabiwa wagonjwa kiasi cha 3,000, na waliokufa 31, wakimbizi 29 na Watanzania 2. Halafu ikaletwa Nyarugusu chanjo ya kunywa, iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa, pamoja na maji ya klorini na vyoo. Nasema pamoja, kwa sababu chanjo haikatai sabuni. Kipindupindu kikazimwa. Sikusikia wakati ule mtu akituma sauti ya kuwaambia watu wasinywe. Watu walikuwa wameona maiti, na mwenye kuona maiti hana muda wa uvumi.

Januari 2025 ilipotangazwa Marburg huko Biharamulo, hatua chache tu kutoka Kakonko, mliniuliza wenyewe, wengine usiku, "Sheikh, chanjo yake ipo?" Hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Niliona nyuso zenu.

NGURUWE

Hili ni swali la fiqhi, na la fiqhi linajibiwa na fiqhi.

Si chanjo zote zina asili ya mnyama. Zipo ambazo katika kutengenezwa kwake ilitumika kimeng'enya kilichotolewa kwa nguruwe, kisha kikaondolewa kwa kuchujwa, na zipo ambazo zimetiwa jelatini ili zisiharibike. Wanazuoni hawakulala juu ya hilo. Mwaka 1995 walikaa Kuwait wanazuoni na madaktari chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, wakazungumzia istihala, yaani kitu najisi kikigeuka dhati yake na kuwa kitu kingine, hukumu yake hugeuka. Ni kama mvinyo unaogeuka siki. Kila mwanafunzi wa kitabu cha tohara anaijua. Mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti likatazama matone ya polio yenyewe, kwa sababu ya kile kimeng'enya, likaruhusu na kuwahimiza wazazi wasiwanyime watoto.

Wapo walioona vikali zaidi, nao nawataja ili isisemwe nimechagua. Baraza la Ulamaa la Indonesia, mwaka 2018, liliitazama chanjo moja ya surua na rubela, likasema hii ina asili ya nguruwe na kwa asili yake ni haramu. Halafu likafanya nini? Likasema inaruhusiwa kutumika kwa dharura, kwa kuwa haijapatikana iliyo halali badala yake na madhara ya kuiacha ni makubwa. Dalili ya dharura mnaijua, Suratul Baqara aya ya 173. Basi hata aliyekwenda njia ngumu kuliko zote hakufika pale alipofika msemaji wetu. Yeye amebeba nusu ya fatwa, ile ya "haramu", nusu ya pili ameiacha njiani. Katika elimu huo unaitwa udanganyifu.

UZAZI

Hapa nitakuwa mfupi, maana sioni sababu ya kupoteza maneno.

Mpango wa chanjo wa nchi hii ulianza 1975. Waliochanjwa wakati huo leo ni babu na bibi. Ndugu zangu wa Buha, tazameni madarasa ya shule zetu za msingi, tazameni mistari ya watoto kwenye maulidi, kisha mniambie hiyo dawa ya kufunga uzazi ilimkuta nani. Ikiwa ni njama, basi ni njama iliyoshindwa vibaya kuliko zote tangu Adam.

Uvumi huu una historia, na historia yake inaumiza kwa sababu ni yetu. Mwaka 2003 huko Kano, Nigeria, viongozi wa Kiislamu na wa serikali ya jimbo walisimamisha matone ya polio kwa maneno haya haya. Yalirudishwa 2004, baada ya kuletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kwa muda ule wa kukataa, kirusi kilichotokea kaskazini mwa Nigeria kilisafiri kikaingia nchi ambazo zilikuwa zimeshaimaliza polio, mpaka Yemen, mpaka Indonesia kwenyewe. Walipooza watoto wa Kiislamu, kwa mamia. Hakupooza mtoto wa adui yeyote.

Leo polio ya asili imebaki nchi mbili tu duniani, Pakistan na Afghanistan. Nchi za nani hizo? Na huko wachanjaji wanauawa kwa risasi, wengi wao wanawake wa Kiislamu waliotoka kwenda kumpa mtoto wa Muislamu matone mawili. Tuone haya.

Na hii ya wasichana ndiyo imezushiwa zaidi. Ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Inazuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Baba anayesema "binti yangu ana maadili, haihitaji" anasahau kwamba ataolewa, na hajui mumewe alikopita.

TAWAKKUL

Umar bin Khattab (r.a.) alitoka Madina kwenda Sham na jeshi. Njiani, mahali paitwapo Sargh, wakamwambia tauni imeingia Sham. Akashauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, akashauriana na wazee wa Kikuraishi, akaamua kurudi. Abu Ubaida, mmoja wa kumi walioahidiwa Pepo, akamwuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akasema laiti angekuwa mwingine aliyeyasema hayo, kisha akamjibu kwamba anatoka kwenye qadar moja ya Allah kwenda kwenye qadar nyingine ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja ni kame. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf na hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba ugonjwa ukiwa mahali msiingie, na ukiwakuta mlipo msitoke kwa kuukimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi.

Nani ana tawakkul zaidi, Umar au huyu wa dakika kumi na moja?

Wengine wanasema hiyo ni kukimbia, si kutumia dawa kabla hujaugua. Haya, ipo hadithi ya tende saba za ajwa asubuhi, kuwa ni kinga. Kinga, kabla ya kuumwa. Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu), ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kuwapendeza wazungu, aliulizwa juu ya chanjo kabla ya ugonjwa, akajibu haina ubaya, na hadithi hiyo akaitoa kuwa dalili.

Na nina swali kwa masheikh wenzangu wanaoisambaza sauti hii, kwa sababu wamo, nimeona majina. Ulipokwenda Hija ulidungwa au hukudungwa? Saudia haimwachii haji aingie bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Ulikunja mkono wa kanzu, ukadungwa, ukapanda ndege, ukarudi unaitwa Alhaji. Tawakkul yako ilikuwa wapi siku ile? Au tawakkul ni ya watoto wa wenzio?

Wala msidhani haya ni mambo ya wazungu. Abu Bakr al-Razi, Muislamu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua. Mwaka 1718 mke wa balozi wa Uingereza aliwakuta watu wa Istanbul, chini ya dola ya Uthmaniya, wakichanja watoto dhidi ya ndui, akamchanja mwanawe huko huko, akapeleka habari kwao. Jenner na chanjo yake alikuja 1796. Sisi tuliokuwa walimu leo tunajificha chini ya kitanda.

MPISHI WA MERCA

Ndui mnaiona kwenye nyuso za wazee wachache waliobaki. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Muislamu wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa anafanya kazi hospitali, chanjo ipo mlango wa pili, na hakuchanjwa. Baadaye alisema mwenyewe kwamba aliogopa sindano itauma. Aliwapeleka wagonjwa wawili kwa gari, safari fupi tu, akaipata. Allah akamponya. Watu waliomkaribia wakatafutwa na kuchanjwa, mji ukazungushiwa ulinzi, na ndui ikaishia hapo. Mei 1980 ikatangazwa imekwisha duniani kote.

Mtu huyu alifanya nini na uhai aliobakishiwa? Akawa mchanjaji wa polio. Akazunguka vijiji vya Somalia, na akikuta mzazi anayekataa, anamsimulia habari zake, kwamba mimi niliogopa kama wewe. Julai 2013 akiwa kwenye kazi hiyo hiyo akashikwa na malaria, akafariki. Allah amrehemu na amkubalie.

HAKI ISEMWE PANDE ZOTE

Watu wa afya nao wasikilize. Wako baadhi yao wanaokuja na kipaza sauti kama wanakamata wezi, wanampaka mtoto wino baba hayupo, na mama akiuliza ni chanjo gani anaambiwa "wewe lete mtoto". Mtu asiyeelezwa huwa anaamini atakayemweleza kwanza, na aliyetangulia kwa WhatsApp ndiye aliyemeza watu. Waambieni wazazi ukweli: mtoto anaweza kupata homa usiku, paja linaweza kuvimba, ile ya kifua kikuu itafanya kidonda kidogo na kovu, na mara chache sana hutokea zaidi ya hapo, basi arudishwe haraka. Njooni msikitini baada ya Ijumaa muulizwe maswali. Hamtaliwa.

Na mimi pia. Mwaka 2021 korona ilipokuwa kila mtu ana lake, kabla na hata baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai, mzee mmoja wa safu ya mbele aliniuliza achanjwe au asichanjwe. Nilimwambia, "Tusubiri kwanza tuone." Sikuwa na elimu ya kumzuia wala ujasiri wa kumruhusu, nikaogopa maneno ya watu. Alifariki mwaka ule. Sisemi ilikuwa korona, hakupimwa. Nasema aliniuliza mimi, imamu wake, na sikumjibu. Hilo nitaulizwa.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeichukua kadi, wewe sikuuliziwa na mtu, ulinijulisha mwenyewe, na mimi nakujibu hadharani bila kukutaja. Nimezungumza na mzee wako jana baada ya Isha. Kaniambia kadi umeiweka juu ya kabati, ndani ya bahasha ya cheti cha ndoa. Itoe. Mpe mama yake. Kliniki ya zahanati ni Jumanne na Alhamisi, na ukitaka nitakwenda nanyi, nitakaa benchi pamoja na kina mama, sioni aibu.

Mwenye swali aandike hapa chini, nitajibu baada ya Alasiri. Mwenye ile sauti, akijitaja jina nitamkaribisha msikitini tuongee mbele ya watu.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.